Amekwenda Kulea Mjukuu: Mwongozo kwa Mstaafu Asiyejua Kwamba Ameachwa

Mwongozo huu ni wa mwanamume aliyetimiza miaka 60, akakabidhi ofisi, akaagwa kwa pilau na saa ya ukutani, na sasa yuko nyumbani kutwa. Wanawake nao wanaruhusiwa kuusoma, ingawa sidhani kama una jipya kwao. Wao ndio walioutunga, mimi nimeuandika tu.

Ukisikia talaka, akilini zinakujia kelele: sahani zinaruka, wajomba wanaitwa usiku, begi linatupwa uani. Hayo ni mambo ya vijana, ambao bado wana nguvu za kuachana. Uzeeni mtu huachwa kwa adabu kubwa mno, kiasi kwamba anaweza kuisindikiza talaka yake mwenyewe hadi stendi, akailipia nauli, akainunulia na maji ya kunywa njiani.

Mambo huwa hivi. Binti yenu aliyeko Dar es Salaam, au Dodoma, au Mwanza, amejifungua. Mama anakwenda kumhudumia mzazi, akae siku arobaini, arudi. Arobaini inafika, lakini mtoto ana chango. Chango linapoa, dada wa kazi anatoroka. Anapatikana dada mwingine, likizo ya uzazi ya siku 84 inakwisha na binti anarudi kazini, na huyo dada mpya huwezi kumwachia mtoto mchanga, humjui kwao. Hakuna aliyetamka talaka wala aliyeandika kitu. Ila ukishika kalenda na kuhesabu, mama watoto hajalala nyumbani kwake tangu mwaka juzi, na wewe ukiulizwa na majirani una jibu safi kabisa: amekwenda kulea mjukuu.

Jibu hilo litakutosha msikitini, kanisani na kwenye bao. Kwa sheria halitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika na haiungiki tena. Ugoni umo, ukatili umo, kutelekezwa kumo. Humo humo limo na hili: wanandoa kutengana kwa hiari yao kwa muda usiopungua miaka 3. Miaka mitatu, mzee mwenzangu, ndio umri wa kupelekwa chekechea. Siku mjukuu anavalishwa sare kwa mara ya kwanza, nawe ukatumiwa picha yake kwenye simu ukajibu kwa vidole gumba viwili, siku hiyo ushahidi dhidi yako umeiva.

(Mke wangu yuko Dodoma tangu Machi ya mwaka jana, kwa mtoto wetu wa mwisho. Nalitaja mapema ili msomaji asije akachanganya mambo. Hilo ni suala jingine kabisa. Mjukuu yule alizaliwa kabla ya wakati.)

Dalili

Tazama mzigo. Mwanamke anayekwenda na kurudi hubeba vitenge vitatu, unga wa ulezi na mafuta ya nazi ya kumkanda mtoto. Akibeba cherehani, kaa chini ufikiri. Utaambiwa kwamba kule mjini atashona vinguo vya mtoto. Vinguo vya mtoto vinauzwa mtumbani kwa bei ya andazi.

Tazama kuku. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na sijaona ikikosea. Anayerudi humwachia jirani kuku wake na maelekezo: huyu mweupe anaatamia, yule kishingo usimchinje. Asiyerudi huuza.

Tazama juu ya friji, pale inapokaa kadi yake ya kliniki ya presha. Mtu anayesafiri mwezi mmoja hubeba vidonge vya mwezi mmoja. Kadi ikiondoka, amehamia kliniki nyingine, na mtu hahamishi kliniki kwa ajili ya chango la mtoto.

Ipo dalili nyingine, ngumu kwa sababu huja ikiwa imevaa nguo za amani. Ameacha kukugombeza. Zamani ukivua viatu mlangoni ilikuwa vita. Sasa anavisogeza kwa mguu na kupita. Wewe unawaambia wenzako kwamba uzee umemlainisha. Hakulainika. Amefunga hesabu.

Kosa lako

Nilikaa miaka sita kwenye baraza la usuluhishi la kata moja wilayani Muheza. Kwa wasiojua, huwezi kuamka tu ukaenda mahakamani kuomba talaka. Lazima kwanza shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Lipo pia sharti kwamba ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka ila kwa kibali maalumu. Hilo lisikuumize kichwa. Katika sheria nzima, ndilo lisilokuhusu.

Basi siku moja alikuja mama wa miaka 62, amejifunga kanga mpya, na mumewe wa miaka 67, karani mstaafu wa reli, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Ndoa yao ilikuwa na miaka 39. Mwenyekiti wetu, mtu mwenye haraka, akaanza maswali yake ya kawaida.

"Mama, huyu bwana anakupiga?"

"Hajawahi."

"Ana mwanamke nje?"

"Nani amtake?"

"Matumizi hatoi?"

"Anatoa."

"Sasa mama yangu, kosa lake nini?"

Mama akatazama sakafu kitambo. Kisha akasema, "Ananyanyua miguu."

Tuliangaliana. Mwenyekiti akamwomba afafanue, na ufafanuzi wake naukumbuka neno kwa neno kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika. Mumewe alikuwa akitoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi. Yeye alipiga deki sebuleni saa tatu, nyumba tupu, redio inaimba, kwa miaka zaidi ya thelathini. Tangu bwana astaafu, saa tatu ikifika yuko kwenye kochi na gazeti. Tambara likifika miguuni pake, ananyanyua miguu. Likipita, anaishusha. Gazeti haliondoi usoni. "Sasa ni mwaka wa saba," alisema mama. "Kila siku ya Mungu ananyanyua miguu. Mimi nimechoka, baba zangu."

Mzee alikuwa ameshangaa kweli, si kwa kuigiza. Akatugeukia sisi wanaume wa baraza mmoja mmoja kama anayeomba shahidi. "Sasa jamani," akasema, "nisinyanyue?"

Mwenyekiti alipekua kile kijitabu cha sheria. Miguu haimo. Tukashauriana, tukaamua kwamba saa tatu hadi saa nne mzee awe anakaa kibarazani. Tulijiona tuna hekima za Suleimani. Mzee alitii wiki mbili. Masika yakaanza, akarudi ndani.

Nimelifikiria shauri lile kuliko mashauri ya panga na ya fumanizi, na hadi leo naona yule mama alisema jambo ambalo wengi waliofika mbele yetu walishindwa kulitaja. Hakuchoka na mume. Alichoka na kazi, na mume ndiye aliyekuja kuikalia kochi kazi hiyo ili aione vizuri. Utumishi wa umma una kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55 na kwa lazima ukiwa na 60, una hafla na hotuba. Jikoni hakuna umri wa hiari wala wa lazima. Siku wewe unastaafu, mkeo anaongezewa mlo wa saa saba mchana ambao kwa miaka yote hiyo aliupika mama ntilie wa pale karibu na kazini kwako.

Usidhani tumerogwa peke yetu. Wajapani, ambao mzee akistaafu hana hata bao la kwenda kuchezea, wana jina la mume wa namna hii: nureochiba, jani kavu lililoloa, lile linaloganda ardhini hata ufagie vipi. Mwaka 2007 sheria yao ilibadilishwa ili mke anayeachana na mumewe aweze kupata hadi nusu ya pensheni ya kazi iliyochangiwa wakati wa ndoa, na wapo akina mama waliokuwa wakiingoja siku hiyo kama mwezi wa Idi. Huko Marekani, watafiti Susan Brown na I-Fen Lin walionyesha mwaka 2012 kwamba kasi ya kuachana kwa watu wa miaka 50 na zaidi ilikuwa imeongezeka maradufu kati ya 1990 na 2010. Kule huandikwa mahakamani, ndiyo maana huhesabika. Hapa kwetu nani atauhesabu uzazi wa binti yako kuwa ni talaka?

Mafao

Tukiacha hao wanaoachwa, kuna wewe unayetaka kuacha. Umepata mafao ya mkupuo na ghafla unajiona kijana. Ngoja nikupe taarifa mbili.

Ya kwanza ni kikokotoo. Kama ulipiga hesabu za mkupuo wa asilimia 50 kwa sababu kaka yako alipata hiyo, tambua kwamba tangu Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu na 35 kwa wengine. Kwa kiwango chochote kati ya hivyo, fedha hiyo haiwezi kumaliza nyumba, kununua bodaboda mbili za biashara na kumtunza binti wa miaka 31 anayekuita "mpenzi" mbele ya watu. Itafanya moja, tena kwa kusuasua, na unajua ni ipi.

Ya pili ni Mandela. Kila mzee anayetaka kuanza upya humtaja Mandela, kwamba alitalikiana na Winnie mwaka 1996 akiwa na miaka 77 na akamwoa Graça Machel siku aliyotimiza miaka 80. Ni kweli tupu. Lakini Mandela alikuwa rais wa nchi. Wewe ulikuwa ofisa ugavi.

Kuhusu kuongeza mke badala ya kuacha, kwa wale ambao ndoa yao inaruhusu: sheria inampa mke aliyepo haki ya kupinga, na moja ya hoja zinazokubalika ni kwamba kwa kipato cha mume, ndoa hiyo ya pili itamtia yeye dhiki. Ukisimama mbele ya msajili na barua yako ya pensheni mkononi, hata wakili hahitajiki.

Kugawana

Hapa ndipo wengi huanguka kifudifudi. Mstaafu huingia kwenye shauri akitembea kwa maringo kwa sababu hati ya kiwanja ina jina lake. Ni kweli sheria humdhania mwenye jina kwenye hati kuwa ndiye mwenye mali. Ni dhana tu, na dhana hupingwa. Tena nyumba wanayoishi wanandoa huiuzi wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako; wapo wazee waliojaribu, wakaumbuka mbele ya mnunuzi.

Kisha hutamka ile sentensi: "Huyu alikuwa mama wa nyumbani tu." Ukitaka kujua sentensi hiyo ina thamani gani, kamuulize wakili yeyote kuhusu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, kulinda nyumba wakati wewe uko safarini: mchango. Kichekesho chenye uchungu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kutumia ovyo fedha alizopewa na mumewe za kufanyia biashara. Alishindwa, lakini wanawake waliomfuata wakashinda kwa jina lake. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na bado kila wiki barazani kwetu alikuja mzee akisema "mama wa nyumbani tu" kwa sauti ya mtu anayeweka turufu mezani.

Yule karani wa reli naye aliisema. Walirudi baada ya masika, sasa ugomvi ni shamba la michungwa.

"Michungwa nilipanda mimi," alisema mzee. "Kila mche, kwa mkono huu."

"Ulipanda," alisema mama. "Ukapanda treni ukaenda kazini. Mwaka ule wa kiangazi kirefu, maji alichota nani? Debe kichwani, kutoka mtoni, na mimba ya huyu wa tatu."

"Mimi nilikuwa kazini."

"Ndicho ninachosema."

Sikujua niandike nini. Niliandika: Wadaawa wameeleza.

Nisisahau dini, maana ndugu zangu Waislamu hudhani wao wana njia ya mkato. Talaka utaitamka, lakini ili mahakama ya Tanzania Bara itoe amri ya talaka, baraza la usuluhishi nalo liwe limekwisha kushindwa. Na usidanganyike kwamba mkeo kwa umri wake hana eda. Mwanamke aliyekoma hedhi hukaa eda miezi 3, na katika miezi hiyo kula yake na malazi yake ni juu yako. Wakatoliki hawana cha kuuliza hapa. Wao humlea mjukuu moja kwa moja.

Nani atawasuluhisha?

Kijana akikosana na mkewe, husema "twende kwa wazee". Wewe utakwenda kwa nani? Mshenga aliyepeleka posa alizikwa zamani. Baba mkwe, aliyekuwa na sauti ya kumrudisha binti yake kwa neno moja, hayupo. Shangazi aliyemfunda mkeo, ambaye pengine angekubali kwamba somo la miguu hakulifundisha, naye hayupo. Mahari ilikwisha kuliwa na walioila wamekwisha kufa, haidaiki wala hairudishwi. Unageuka nyuma kutafuta wazee, unakuta foleni imeishia kwako.

Wanabaki watoto. Watoto wataunda kikundi cha WhatsApp ambacho wewe humo, na swali lao la kwanza halitakuwa nani ana makosa. Litakuwa: baba atakaa kwa nani? Msomaji mwangalifu ameshaona kwamba swali la mama atakaa kwa nani halikuulizwa. Mama ana nafasi katika kila nyumba yenye mtoto mchanga. Baba anahitaji chumba, televisheni na mtu wa kumpikia, na mkwe wako ameshasema nyumba yao ni ndogo.

Yaliyompata karani

Shauri la michungwa halikufika mahakamani. Kabla ya kikao cha tatu, binti yao wa Mbagala alijifungua mapacha, na mama akaenda. Mwenyekiti alifurahi sana. Kwenye daftari letu shauri lile limeandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba wahusika wamepatana.

Mwaka uliofuata nilipita kwa yule mzee kununua machungwa. Nilimkuta amefunga taulo kiunoni, suruali ameikunja hadi magotini, ndoo iko katikati ya sebule. Alinikaribisha kwenye kochi, akaendelea na deki yake huku tukipiga soga za bei ya machungwa na madalali wanaokuja na malori kutoka mjini. Alikuwa anadeki vibaya, anasukuma maji mbele badala ya kuyavuta nyuma kama inavyotakiwa. Alipofika pale nilipo alisimama, tambara mkononi, akanitazama. Hakusema neno. Nilitoka nikamsubiri nje.

Kwangu mimi, kama nilivyosema, hali ni tofauti. Kuku aliwauza, ni kweli, lakini kideri kilikuwa kimeingia mtaani na kila mtu alikuwa anauza. Kadi ya kliniki alibeba kwa sababu Dodoma kuna hospitali nzuri. Na cherehani ni yake, tangu kwao.

Juzi kifungo cha shati kilikatika, nikampigia kumuuliza sindano inakaa wapi. Akaniambia bila hata kufikiri: kabati la chumbani, droo ya pili, ndani ya kopo la biskuti, chini ya picha za kipaimara. Nilikwenda na simu sikioni. Ilikuwepo, imetungwa uzi mweupe tayari. Nikamshukuru, nikamuuliza anarudi lini.

Akasema mtoto anaota magego.